Mpaka

Kompyuta zetu ni tano, zimo stoo,
ndani ya maboksi ambayo panya wameshaanza kuyasoma.
Umeme ulifika hadi nyumba ya afande mkuu
ukachoka.
Kwa hiyo kila Jumanne, saa nne, baada ya uji,
nachora miraba uwanjani kwa jivu,
nane kwa nane, kabla upepo wa Arua haujaamka,
na siku ya kwanza nikamwambia Ezati: leo wewe ni mashine.
Huna akili. Usijisikie vibaya.
Una masikio na miguu tu.

Watoto wa kambi hawafundishwi amri.
Wamezaliwa ndani ya kwata;
kabla ya "mwanangu" walisikia "mguu sawa".
"Mbele, tembea!" akapaza Candiru, mikono kiunoni,
na Ezati akatembea,
mraba, mraba, mraba, jivu likaisha,
akaikanyaga mihogo ya mpishi iliyoanikwa,
akafika kwenye ukuta wa stoo,
paji la uso kwenye tofali, miguu bado inapiga hatua.
Mpishi akatoka na mwiko.
"Nani alimwambia asimame?" nikauliza.
Kimya.
"Basi kosa ni la nani?"
Wote wakamtazama Candiru.
Candiru akatazama mihogo.
Hilo ndilo lililokuwa somo. Ubao haukuguswa.

Tukaenda polepole. Hatua tatu. Kulia, geuka.
Kama mbele kuna kifuniko chekundu cha soda, inama, okota.
Kama ni cha buluu, ruka.
Kama si hiki wala kile,
hapo wakabishana hadi kengele ikalia,
kwa kuwa Drasiku alikuwa ametega cha njano makusudi.
Mtoto yule ataishi kwa kutafuta mianya.

Wiki ya tatu nikawapa neno la kurudia.
Rudia, nikasema, lakini usisahau mpaka:
piga pampu mpaka jerikani limwagike,
chambua maharage mpaka ungo uwe mtupu.
Amri isiyo na mpaka
ni nzi ndani ya chemni ya taa.
Tukachana boksi moja la kompyuta,
angalau lifanye kazi yake,
kila mtoto akapata kipande cha kuandikia.

Candiru: *Onja uji mpaka mpishi akuone.*
Drasiku: *Uliza swali mpaka Mwalimu akasirike.*
Asianzu, aongeaye kama anayelipia kila neno,
akaleta chake mwisho, kwa penseli:

*Enda lango la kambi.*
*Tazama lori.*
*Kama baba yumo, beba begi lake.*
*Kama hayumo, rudi nyumbani, osha vyombo, lala.*
*Rudia.*

Nikachukua kalamu nyekundu.
"Umesahau mpaka," nikamwambia, nikiwa mwalimu bado.
Akanitazama.
"Mpaka ndio aliouvuka, Mwalimu. Ule wa Kongo."

Nasikia kuna lugha ambazo hayo ni maneno mawili.
Yetu imeyalaza kitanda kimoja.
Sikuweka mkasi, sikuweka vema.
Kile kipande bado kimo kwenye mkoba wangu,
upande mmoja maandishi yake,
upande wa pili mshale, na onyo: *Upande huu juu.*

Jumanne iliyofuata Ezati alikuwa na malaria.
Asianzu akainua mkono: yeye awe mashine.
Candiru, ambaye siku hizi anajua uzito wa neno,
akamwongoza kwa kunong'ona karibu.
Hatua moja. Simama.
Hatua moja. Simama.
Kushoto, geuka.
Kwenye mraba wa mwisho, uso umeelekea lango,
Candiru akafungua kinywa, akakifunga.
Hapakuwa na amri.
Mashine ikasimama ilivyopasa kusimama,
jivu vidoleni, ikisubiri,
na darasa zima likanigeukia mimi.

Mpishi ndiye aliyepita na sufuria,
mtu asiyelijua somo hili hata kidogo,
akauliza nani huyo anaunguzwa na jua bure,
hebu aje,
kuna uji umebaki.